Nilivyopanda mnara wa moto Mbizi enzi za Mwingereza

Wakuu, marahaba kwa wote mlio wadogo kwangu. Kama humu yupo anayenizidi umri, shikamoo yake.

Naona vijana mnapost picha za hiking. Leo nipeni nafasi na mimi bibi yenu. Haya yalinipata mwenyewe, chumvi siongezi.

Ilikuwa kabla ya Uhuru, nikiwa bado mke mgeni. Mume wangu, Kasiano, alikuwa mlinzi wa msitu milima ya Mbizi, hapo juu ya Sumbawanga. Kiangazi alishinda juu ya mnara wa miti, akiangalia moto.

Siku hiyo mimi na wifi yangu Yustina tulimpelekea chakula. Mlima ule acheni tu! Upepo wa baridi unakata masikio.

Tulipofika nikasema na mimi napanda.

Wifi akacheka. "Mwanamke apande ngazi ile? Haijaonekana."

"Itaonekana leo."

Kasiano akachungulia kutoka juu. "Usitazame chini! Shika mti, achana na nguo!"

Nikakaza kanga. Katikati mnara ukayumba, nikaikumbatia ngazi. Nilitaka kushuka, ila kushuka nako sijui 😂

Nikapanda.

Wakuu, ile view! Huku bonde lote na Ziwa Rukwa liking'aa kama bati jipya. Kule Ufipa nzima, tambarare mpaka macho yanachoka. Nikapiga vigelegele.

Mara nikanyoosha kidole. Upande wa kijijini kwetu kulikuwa na moshi.

"Wa jikoni huo," Kasiano akasema.

"Wa jikoni una wekundu chini? Gonga chuma!"

Akatazama tena, akakigonga kile chuma cha kuitia watu mpaka mnara ukatetemeka.

Watu wakatoka na matawi mabichi, wake kwa waume, wakaupiga moto. Ulizimika karibu kabisa na maghala ya ulezi. Chakula chetu cha mwaka mzima, wakuu!

Jioni baba mkwe, mtu asiyejua kusifia, akauliza nani aliyeuona.

"Mke wangu," Kasiano akajibu.

Wifi Yustina akanibeba mgongoni, akanizungusha kijijini akipaza sauti: "Haya ndiyo macho ya nyumba yetu!"

Nilichojifunza: ukiogopa, ogopa huku unapanda.

Haya, nanyi mlipanda wapi mkatetemeka? Mwageni hapa. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.