Nyasi za Mgeni Rasmi

Mtaani kwetu Mjimwema, Njombe, kuna mahali salama pa watoto kuchezea. Pana uzio wa mabanzi, geti la bati, bembea mbili, ubao wa kuserereka, na nyasi zilizopandwa shina kwa shina na mikono ya mama zetu. Pana kila kitu isipokuwa watoto. Nilipofika nyumbani likizo ya mwezi wa sita, nikitokea shuleni Makambako, kazi ilikuwa imekamilika wiki tatu zilizopita, na aliyekuwa ameshacheza mle ndani ni kuku mmoja wa jirani. Naye alitolewa kwa mawe.

Sababu ya kufungwa kwake alinieleza mama tukiwa tunamenya viazi. Mgeni rasmi alikuwa hajaja kufungua. Alipangiwa siku, akaahirisha. Akapangiwa nyingine, akaahirisha tena. Na mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa ameshasema neno lake: "Tukiwaruhusu watoto sasa hivi, mgeni atakuta nini? Udongo?"

Mwenyekiti huyo ana stoo ya mahindi Makambako na shamba Kitandililo, kwa hiyo kila Jumatatu alfajiri anaondoka na kurudi Jumamosi. Ufunguo wa geti huondoka naye ndani ya mfuko wa koti. Mahali pa watoto wa Njombe hushinda wiki nzima mfukoni mwa mtu aliyeko Makambako, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mama alipompigia simu kumwomba aache ufunguo kwa mwalimu wa chekechea, alijibiwa, "Mama, kamati haijakaa." Na kamati haiwezi kukaa bila mwenyekiti.

Sasa watoto walikuwa wanacheza wapi? Ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa mbao.

Kila mtu wa kwetu anajua mbao zinavyopangwa zikauke: ngazi kwa ngazi, zikiachiana nafasi za kupitisha upepo, mpaka rundo linamzidi mtu mzima kimo. Kwa mtoto wa miaka minne zile nafasi ni vipandio vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Chini kuna vumbi la mbao, laini kama godoro. Malori yanaingia kinyumenyume kupakia. Mtu akikaa chini achore mahali pa kuvunjia mtoto mguu, atachora pale pale. Tena hapana uzio, hapana geti, na hapana kamati.

Chekechea inatoka saa sita, na mama zetu wanakuwa kwenye viazi mpaka jioni. Mdogo wangu, msichana wa miaka minne na vidole vyake vya kuonyesha kila kitu, alikuwa mikononi mwangu kwa likizo nzima. Niseme ukweli kuhusu mikono hiyo. Mimi ni mtu ambaye nikitumwa dukani narudia maneno njia nzima, "Shikamoo, naomba sukari nusu, shikamoo, naomba sukari nusu," na nikifika namkuta muuza duka ana mteja mwingine, narudi nyumbani bila sukari. Darasani, walimu wa Makambako hudhani nafasi yangu haina mtu.

Asubuhi nilimpeleka chekechea, na huko ndiko nilikoona somo lenyewe. Mwalimu aliwapanga watoto mstari nje ya uzio, pua zimegusa mabanzi, masweta yamevutwa mpaka masikioni kwa baridi.

"Nyasi hizi ni za nani?"

"Za mgeniii!"

"Ukikanyaga?"

"Fimbooo!"

"Vizuri. Jipigieni makofi."

Walijipigia. Walikuwa hawajui kuhesabu kupita saba, lakini somo la nyasi walilishika barabara.

Mchana niliketi kwenye gogo pembeni ya uwanja wa mbao, daftari hili mapajani, mdogo wangu na wenzake kama kumi na wawili wakipanda na kushuka. Niliwaona wamefika juu. Neno la kuwaambia nilikuwa nalo: "Shukeni!" Ni neno fupi tu. Lakini vijana wa kupakia mbao walikuwa wamekaa kwenye tairi la lori wanakula mahindi ya kuchoma, na mimi nikaona aibu kupiga kelele mbele yao. Nikasema moyoni, wakimaliza kula wataondoka, kisha nitaita. Nikaandika. Nilikuwa nimefikisha mistari sita kuhusu ukungu unavyoshuka kwenye misonobari, na kusema kweli ilikuwa mistari mizuri, wakati rundo liliposogea.

Halikuanguka lote. Mbao nne tu ziliteleza, zikatoa mlio kama mtu anakohoa, na mguu wa mdogo wangu ukabaki katikati. Vijana wa mahindi ndio waliofika kwanza na kunyanyua. Mmoja akanigeukia, "Dada, si ungewaita washuke?"

Nilimbeba mdogo wangu mgongoni mpaka nyumbani, daftari likiwa kwapani.

Mfupa haukuvunjika. Ukucha wa kidole gumba ulitoka, mguu ukavimba, akafungwa bandeji mpaka kwenye ugoko. Mama hakunigombeza. Aliniangalia tu, kisha akaangalia daftari, kisha akaenda kuchemsha maji. Afadhali angenichapa.

Jumamosi kamati ikakaa kwa dharura kuhusu ajali. Walikaa kwa muda wa saa tatu. Walitoka na azimio: bango libandikwe. Na likabandikwa, herufi nyekundu: USALAMA WA MTOTO NI JUKUMU LETU SOTE. Lilibandikwa kwenye geti, juu kidogo ya kufuli. Kufuli nalo lilibadilishwa siku hiyo hiyo, likawekwa kubwa zaidi, kwa sababu mjumbe mmoja aliona la zamani linaweza kuvunjwa na watoto.

Hatimaye mgeni rasmi akaja. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu na viatu vilivyoonyesha kuwa hakuambiwa habari za matope yetu. Kulikuwa na kwaya, maturubai, hotuba ya mwenyekiti, na taarifa ya kamati iliyosomwa na katibu ambaye alisoma mpaka maneno "geuza ukurasa". Watoto walisimamishwa kando wakiwa wamepakwa mafuta wanang'aa kama maandazi. Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi akainama, akafungua mikono.

"Haya wanangu! Ingieni mcheze!"

Hakuna aliyesogea.

"Ingieni, ni pa kwenu!"

Watoto wakamtazama mwalimu. Mwalimu akatabasamu mpaka meno ya nyuma, akasema polepole bila kuachanisha meno, "Ingieni." Wakazidi kumtazama. Walishaujua mtego.

"Mbona hawaingii? Wanaogopa nini?" mgeni rasmi akauliza.

Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama, bandeji inaning'inia. Akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuwa nayo: "Hizo nyasi ni zako. Tukikanyaga tunachapwa."

Watu wakaangua kicheko, na kwaya ndiyo iliyoacha kucheka mwisho kabisa, maana wao walikuwa wengi. Mgeni rasmi hakucheka. Alivua viatu, akaingia na soksi, akakaa kwenye bembea. Ikalia kwii. Akajisukuma kidogo, mtu mzima na kilemba chake, mpaka mtoto mmoja akaingia kwa ncha za vidole, na mwingine, kisha wote wakamwagika kama maharage yaliyotobolewa gunia. Walicheza dakika ishirini hivi. Mgeni alipopelekwa kula pilau, mwenyekiti akapuliza filimbi.

"Tokeni, tokeni! Kufungua tumeshafungua. Matumizi yatapangiwa ratiba."

Kufuli likafungwa. Jumatatu alfajiri koti likaenda Makambako.

Jumatatu hiyo hiyo mchana nilimwona mdogo wangu anachechemea kuvuka barabara kuelekea kwenye mbao, kiatu kimoja mguuni, bandeji inaokota vumbi. Safari hii vijana wa kupakia walikuwepo sita. Niliita. Nililiita jina lake mpaka koo likauma, naye akageuka, akauliza, "Sasa tukacheze wapi?"

Nilirudi nyumbani, nikachukua nyundo ya baba, nikapita nyuma ya uzio upande wa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, nikang'oa mabanzi mawili. Misumari ilipiga kelele kuliko mimi maisha yangu yote. Watoto wakapita mmoja mmoja, na kila mmoja aligeuka kunitazama kabla ya kukanyaga, kama nitaanza kuuliza nyasi ni za nani. Saa kumi niliwatoa, nikayarudisha mabanzi na misumari yake. Kesho yake tena. Na keshokutwa. Daftari nililiacha nyumbani.

Nyasi zilikufa Alhamisi. Sikujua nyasi zinaweza kufa haraka hivyo zikiguswa na wenyewe.

Jumamosi mwenyekiti alichungulia juu ya uzio, akashika kichwa, na jioni mtaa mzima ukaitwa darasani chekechea. Viti vilivyokuwemo ni vya watoto. Wazee wa heshima walikaa magoti yamefika kidevuni, wakajadili usalama.

"Huyu mharibifu lazima ajulikane," mwenyekiti akasema.

"Ni walevi wa ulanzi hao, wanapita usiku."

"Mlevi gani anabembea?"

"Basi ni ng'ombe. Ng'ombe wamekula nyasi."

"Ng'ombe, mzee, anang'oa banzi, anakula, halafu anarudishia na kupiga msumari?" akauliza fundi seremala, na watu wakacheka mpaka viti vikalia.

Mwenyekiti hakucheka. Akapendekeza seng'enge. Izungushwe juu, na nyingine katikati, na nyingine chini kabisa, ili hata mtu akitoa banzi asipite. Chini kabisa, maana yake usawa wa uso wa mtoto wa miaka minne. Mikono ikaanza kunyanyuka kuunga mkono.

Nami nikanyoosha wangu. Mama alidhani naunga mkono, akaushusha. Nikaunyoosha tena.

"Ni mimi," nikasema.

"Nani huyo? Sauti!"

"Ni mimi."

"Simama binti, tusikie!"

Nilisimama, na kiti kikasimama na mimi, kimenibana nyuma. Hakuna aliyekiondoa. "Ni mimi niliyetoa mabanzi. Mawili. Mkiweka seng'enge nitaikata, kwa sababu watapita tu, na itawachana usoni."

Nilikuwa na mengine ya kusema, niliyapanga kutoka nyumbani kama sukari nusu, lakini yaliisha yote. Nikakaa. Kiti kilishukuru.

"Huyu si yule asiyesalimia watu?" mtu akanong'ona.

"Mtoto wa sekondari kabisa," mwenyekiti akaanza, "anaharibu mali ya watoto..."

"Kamwene, mwenyekiti," akamkatiza bibi mmoja kutoka nyuma, mzee kuliko wote mle ndani, aliyekataa kiti na kukaa mkekani. Ukisalimiwa hivyo kwetu, na mtu mkubwa, lazima uitikie kwanza. Akaitikia. Bibi akaendelea, "Kabla hujamhukumu mtoto wa watu, twende tukaone huo uharibifu. Fungua geti."

Mwenyekiti akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa pili. Akapapasa wa suruali. Lilikuwa koti la Jumapili. Koti la ufunguo lilikuwa limebaki Makambako, kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo.

Kwa hiyo kamati ilipita kwangu. Niliwatolea mabanzi yangu mawili, wakaingia mmoja mmoja, ubavu mbele: katibu na faili lake, mwalimu wa chekechea, fundi seremala. Mwenyekiti alikwama tumboni. Hakuweza kwenda wala kurudi, na kwa kuwa aliyekuwa karibu yake ni mimi, mimi ndiye niliyeambiwa nimsukume. Mdogo wangu alikuwa ameshaingia kitambo. Alikuwa kwenye ubao wa kuserereka, akimpa mwenyekiti maelekezo: "Toa pumzi, babu! Toa pumzi yote!"

Akatoa. Akapita. Akasimama kwenye udongo uliokuwa nyasi, akiwa amepoteza kifungo kimoja, akaanza kukitafuta hicho badala ya mharibifu.

Kamati haikuwahi kusema kwamba ilikosea. Muhtasari wa kikao unasema "mlango wa ziada umebuniwa", na fundi ametia bawaba na komeo, banzi la tatu limetolewa kwa sababu zinazojulikana. Mama zetu wamepanga zamu za kukaa pale mchana, na zamu ya kwanza imeangukia kwa mke wa mwenyekiti. Mimi nimepewa adhabu ya kufagia kwa siku zote za likizo zilizobaki. Geti halijafunguliwa tena mpaka leo. Bango bado lipo.

Kesho narudi Makambako. Nimefagia kwa mara ya mwisho, na hakuna cha kufagia kwenye udongo, ni kuhamisha tu. Mdogo wangu aliomba nimsukume kwenye bembea, nikamsukuma kwa mkono mmoja, huku naangalia bandeji isiguse chini. Daftari lilikuwa kwapani. Haya nimeyaandika alipolala. Ile mistari sita ya ukungu nimeichana.