Chupa Sita za Maji ya Misima

Niliondoka Ngombezi kwa sababu ya barua. Mwenyekiti wa kijiji kimoja cha Misima, Handeni, aliandika kwamba watoto watatu wamekufa kwa kuharisha, na wakulima wanataka wafugaji wafukuzwe kwenye kisima cha pampu, eti ng'ombe wao wameharibu maji. Uamuzi ungetolewa kwenye mkutano wa Jumapili.

Mimi nilikuwa bibi afya katika zahanati ya shamba la mkonge. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa vitenge na redio, lakini maji ya kupimwa yalipelekwa Tanga na kufika yamekwisha badilika. Nilikuwa nimefundishwa njia rahisi. Unachukua chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, unaichemsha, unatia kikaratasi kilicholoweshwa dawa ya kupimia na kukaushwa. Unajaza maji, unayaweka penye joto siku mbili. Yakigeuka meusi, yana uchafu wa choo.

Alhamisi asubuhi nilipanda lori la mahindi pale Korogwe. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na nilifika Misima adhuhuri nikiwa mwekundu mpaka kope.

Nilipangiwa kulala kwa Mama Zaina, Mzigua mpole. Zaina, bintiye wa miaka minne, alikuwa mmoja wa wale watatu. Watu waliendelea kumwita mama huyo kwa jina la mwanawe, naye aliitika. Uwanja wake ulifagiliwa ukang'aa. Alinichotea maji ya mtungini kwa kata, akayachuja kwa kitambaa cheupe, nami bibi afya mzima nikayanywa bila kuuliza.

Alasiri nilikwenda kisimani. Nilimkuta Lekishoni, mfugaji mwenye boma karibu, akimsaidia mkewe kupampu. Alinieleza kuwa wakizuiwa pale, maji mengine yako mwendo wa saa nne, na bomani kuna watoto wachanga wawili.

"Mama, karatasi yako ikisema ni ng'ombe wetu, tutahama," alisema. "Lakini iseme kweli."

Nilijaza chupa tano pale pampuni. Ya sita nilitaka iwe ya kulinganishia, maji ninayojua ni safi. Nikakumbuka mtungi wa Mama Zaina na kile kitambaa cheupe. Hapo ndipo nilipokosea. Alinijazia mwenyewe, akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la khanga yake akaufunga shingoni mwa chupa ili isichanganyike na nyingine. Alifurahi kuaminiwa.

Mashine ya joto sikuwa nayo, kwa hiyo nilizifunga chupa zote tumboni kwa khanga, nikatembea nazo na kulala nazo kwa zaidi ya siku mbili. Wanawake wa jirani walinitania kwamba nimepata mimba ya Misima, wakaniombea nijifungue salama. Mama Zaina naye akacheka. Waliniambia hajacheka tangu msiba.

Jumapili asubuhi nilifungua khanga mbele ya mkutano, kama nilivyomwahidi mwenyekiti. Chupa tano zilikuwa vilevile. Ya sita ilikuwa nyeusi kama masizi, na shingoni ina uzi mwekundu.

Wakulima waliiona nyeusi tu, wakaanza kupiga makofi. Lekishoni akainuka, akaokota fimbo yake. Nilitakiwa kusema chupa ile ni ya nani. Nikinyamaza, boma zima linahama bure. Nikisema, namwaibisha mama aliyefiwa mbele ya kijiji chake. Niliona aibu, naikumbuka mpaka leo.

Mama Zaina akasimama. "Hiyo nyeusi ni ya mtungi wangu," alisema. "Nilimpa mimi. Kisima kiacheni."

Makofi yakakoma. Lekishoni akaketi taratibu. Mwenyekiti akatangaza kwamba kisima ni cha wote, watu wakatawanyika.

Jumatatu Mama Zaina alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani nilimweleza habari za kuchemsha maji, kufunika mtungi, kunawa mikono kabla ya kushika kata. Alisikiliza yote. Kisha akauliza kama Zaina aliyanywa maji ya namna ile.

Nikamwambia karatasi inasema maji ya Alhamisi, haisemi ya siku zile.

"Lakini mtungi ni uleule, dada," alisema.

Lori likaja, nikapanda.

Tangu hapo sichukui maji nyumbani kwa mtu kabla ya kumwambia kwamba jibu linaweza kumwangukia yeye, na kwamba nitamwonyesha peke yake kwanza. Wapo wanaoifikiria chupa, wakanirudishia tupu. Siwalaumu.