Tunafikia kwa Nani?

Mama yangu alizaliwa Unguja na akaolewa Pemba. Nilipomwambia nimetukatia tiketi za kwenda kupumzika kwenye kisiwa kimoja cha Ugiriki, aliuliza kama wakala wa safari alikuwa hana kabisa kitu kingine cha kuniuzia.

Halafu akauliza swali lililonishinda. "Tunafikia kwa nani?"

"Hatufikii kwa mtu, mama. Tunafikia hoteli."

"Hoteli si mtu."

Si kwamba mama ni mgeni wa safari. Amekwenda Mombasa kwa harusi, Muscat kuuguza, Dubai kwa dada yake. Hata London alikuja kwa mtu: baba alitangulia, akalala chini kwa rafiki yake Croydon mpaka alipopata chumba cha kumpokelea mkewe. Lakini kufunga sanduku, kupanda ndege na kwenda kukodolea macho majumba ya watu usiowajua, bila mwenyeji wa kukuuliza habari za nyumbani, hilo kwake lilikuwa kuzurura tu. Na mgeni haendi mikono mitupu. Nilieleza mpaka koo likanikauka, naye akanituma Rayners Lane, ng'ambo ya pili ya London, kwenye duka la Wahindi analoliamini, nikamnunulie halua. Akaongeza majani ya chai, akaongeza doti ya kanga mpya. Za nani, hakujua. Atapatikana mtu, alisema.

Niseme ukweli, sikuwa nampeleka Ugiriki kwa ajili ya bahari. Baba alifariki mwaka mmoja kabla, na mama hakulia. Nyumba yetu ya Lewisham ilijaa wanawake kuanzia ngazini mpaka jikoni, na yeye mfiwa ndiye aliyekuwa akipita kuuliza nani hajapata chai. Akakaa eda. Eda ikaisha, yeye akaendelea kukaa ndani kama ambaye hajaambiwa. Siku nzima alikuwa kwenye kiti mbele ya televisheni, akitazama chaneli ya kuuza masufuria, na wala sufuria hanunui. Jina la baba halitaji. Nikilitaja mimi, anainuka kwenda kutazama chungu jikoni hata siku ambazo hatujapika. Niliogopa, na kusema kweli nilikuwa na hasira naye pia. Nilijiambia nikimtoa kwenye kiti kile wiki moja tu, huenda nikampata tena mama yangu. Nikishindwa, sikujua la kufanya baada ya hapo.

Basi tukafika. Mji wenyewe ulikuwa mzuri mpaka ukakera: nyumba nyeupe zimepanda mlima, maua ya zambarau yameangukia kuta, bandari ndogo yenye maji unayoona mpaka chini, na juu kabisa ngome kongwe. Mimi nilikuwa nimepanga kila kitu. Mama alinifuata na mkoba wake wa zawadi begani kama mtu anayesindikizwa hospitali.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kijana wa mapokezi hotelini. Alimkabidhi zile kanga kwa mikono miwili, kwa Kiswahili na tabasamu. Kijana akapokea kwa heshima zote, na jioni tukazikuta kitandani, zimefuliwa na kupigwa pasi.

"Amenirudishia zawadi yangu," mama alisema, akakaa kitako.

"Kadhani unataka zifuliwe, mama."

"Zilikuwa chafu?"

Asubuhi nikampeleka makumbusho. Tulipita katikati ya masanamu ya watu wasio na vichwa, wasio na mikono na wasio na nguo. Mama alijifunika mtandio vizuri, kana kwamba kati yake na masanamu ilibidi mmoja ajisitiri. Mlangoni aliniomba nimuulize mlinzi wenyewe wako wapi. Nikamwambia walikufa, mama, zamani sana, wote. Akamgeukia mlinzi, akaweka mkono kifuani, akamwambia, "Poleni sana." Mlinzi akamwonyesha choo kilipo.

Nikampandisha mashua ya kutazama samaki kupitia kioo cha chini. Akasema samaki hutazamwa sokoni. Nikamwonyesha vinu vya upepo. Akauliza vinasaga nini, na niliposema siku hizi havisagi kitu, aliguna. Kuhusu ngome hakutaka hata kusikia. Ngazi zile zote, alisema, na huko juu hakuna mtu wa kukupa maji. Mbele ya mikahawa ya bandarini wahudumu walitusimamisha, "Please, come, sit!" na mama akanibana mkono kwa furaha, "Huyu katukaribisha!" mpaka nilipomwonyesha ubao wa bei. Nilikuwa nimechoka, na jua limeniunguza pua, jambo ambalo mama alidai haliwezekani kwa mtu wa rangi yetu.

Kesho yake tulikuwa tunashuka kwenye kichochoro kuelekea ufukweni, nami nimeshakata tamaa na nusu, mama aliposimama ghafla.

"Pana msiba hapa."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kabisa. Viti vimepangwa nje kando ya ukuta, vya aina mbalimbali, vilivyoazimwa. Wanaume wamesimama barazani wanavuta sigara na kusemezana chini chini. Ndani kulikuwa na wanawake, wazee wao wamevaa nyeusi tupu, na watu wanaingia na sahani zilizofunikwa. Hata mimi niliuona msiba.

"Twende mama, hatuwajui."

"Ala! Kwani msibani huenda wanaojuana tu? Utapita mlango wa mfiwa kama hukuona?"

Mwanamke mmoja kizingitini alituona tumesimama, akatupungia mkono, kiganja chini. Mimi niliyezoea London nilielewa kwamba tunafukuzwa. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiingereza.

"Tunaitwa," mama akasema. "Umesahau hata kuitwa?"

Akaivua miwani ya jua, akauteremsha mtandio usoni, akaingia. Nikamfuata, ningefanyaje? Alimtafuta kwa macho mkubwa wa msiba, akampata: bibi mdogo wa mwili, amevaa nyeusi kuanzia kitambaa mpaka soksi, amekaa kwenye kiti cha heshima. Viti vilikuwepo, lakini mama alikaa chini miguuni pake, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Pole, mwenzangu," akamwambia. "Pole sana. Mungu akupe subira."

Kisha akalia.

Hakulia kidogo. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, kilio ambacho Lewisham nzima ilikingoja mwaka mzima na hakikuja. Nami, nikitafuta pa kuweka macho, ndipo nikaona mambo ambayo ningeyaona mlangoni kama ningekuwa na akili. Mezani palikuwa na keki. Palikuwa na maboksi yenye utepe, mashada ya maua, chupa za mvinyo, na bwana mmoja mnene aliyekuwa akicheka na sasa anajitahidi kuacha.

Mwanamke wa makamo akanisogelea. Alikuwa binti wa yule bibi, na Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko changu. Akaniuliza kwa upole mama yangu amepatwa na nini.

"Samahani," nikasema. "Tumekuja kutoa pole. Nani amefariki?"

Hakufariki mtu. Leo ni siku ya mtakatifu ambaye bibi yule amepewa jina lake. Siku kama hii mlango huachwa wazi, na yeyote apitaye huingia kumpongeza mwenye jina. Na hizo nguo nyeusi? Za kumwombolezea mumewe, akasema. Miaka mingi sasa. Hajazivua.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamweleza kwamba baba yangu amefariki, kwamba kwetu mtu hapiti nyumba ya msiba bila kuingia, na kwamba mama, kwa kweli, hakuwahi kulia. Binti akainama, akamnong'oneza bibi sikioni. Bibi akamtazama mama yangu aliye sakafuni. Akakishika kichwa chake kwa mikono yote miwili, akakiweka mapajani, na yeye mwenyewe akaanza kuomboleza kwa Kigiriki, kwa mashairi kabisa, kama vile mumewe katoka mlangoni jana.

Hapo ndipo sherehe ilipoharibika rasmi. Wale wazee wengine wenye nyeusi wakadakia, kila mmoja na wake. Mtu akazima muziki. Bwana mnene akawa analia na sahani ya keki mkononi, hajui aiweke wapi. Mama, kusikia maombolezo ya haki namna ile, akajua amefika mahali penyewe, akazidi. Mimi nilisimama katikati yao nikiona aibu na furaha kwa pamoja, na kwa kukosa la kufanya nikala keki.

Walipotulia, bibi alimpa mama kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari na gilasi ya maji baridi. Mama akafungua mkoba. Halua ikapita mkono kwa mkono. Kanga bibi alizitanda juu ya nyeusi yake, akajitazama, akasema jambo lililowachekesha wote, na binti yake alikataa kunitafsiria.

Nilimwambia mama ukweli tulipokuwa njiani kurudi. Akasimama.

"Sherehe?"

"Sherehe, mama."

"Na mie nimelia vile?"

"Vile vile."

"Na wewe umekula keki yao?"

Alijiziba mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya mwisho alitaka kwanza kwenda kumuaga mwenyeji wake, ndivyo alivyomwita. Tukaenda, tukanyweshwa kahawa, tukafungiwa chakula cha safari. Kisha akasema mwenyewe, "Haya, nipeleke huko kwenye ngome yako." Tulipanda polepole, anasimama kila baada ya ngazi chache kulaumu goti. Juu, kama alivyobashiri, hapakuwa na mtu wala maji. Alikaa kwenye jiwe, akaitazama bahari yote ile iliyomzunguka.

"Baba yako angeichukia safari hii," akasema.

Sikuinua uso. Niliogopa nikimtazama atanyamaza tena.

"Angelalamikia nini kwanza?" nikamuuliza.

Mama akavua viatu, akajiweka sawa kwenye jiwe, akaanza na godoro la hoteli.