Siku ya Tisa

Abiria walimwita Bi Siku Kumi, naye alijua, wala halikumkera. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikaa dirisha la pili kwenye ukumbi wa abiria bandarini, akikagua pasipoti na kadi za njano za chanjo kabla watu hawajapanda meli ya matembezi. Pasipoti imebakiza chini ya miezi sita? Rudi nyumbani. Sindano ya homa ya manjano haijatimiza siku kumi? Rudi nyumbani. Ulie, utukane, umtaje mjomba wako mkubwa serikalini, yeye atakurudishia karatasi zako kwa mikono miwili na kukwambia, "Sheria ni msumeno, mpenzi, hukata mbele na nyuma." Ni rahisi kusema, jamani, msumeno ukiwa shambani kwa mwenzio.

Sasa alikuwa na kaka yake. Huyo alifanya kazi ya udobi melini miaka thelathini, chini kabisa kwenye mashine na mvuke, akifua mashuka ya watu wanaoota jua huko juu. Bahari aliijua kwa kuyumba tu. Alipostaafu, wanawe walichangishana wakamkatia safari ya siku saba, chumba chenye dirisha. Lo, mzee alifurahi hadi akawa kero! Muuza magazeti anajua habari za dirisha, kinyozi anajua. "Safari hii mashuka wafue wao," alimwambia kila aliyesimama kumsalimu.

Kosa lilikuwa la Bi Siku Kumi, tusifichane. Kaka alimpigia simu: "Mdogo wangu, niende leo nikachomwe?"

"Ngoja kesho, kaka. Kesho nina mapumziko, tutakwenda wote."

Alijua kwamba lile jitu zima linaogopa sindano kama mtoto wa chekechea, akataka kumshika mkono. Akahesabu kwa vidole mpaka tarehe ya meli: siku kumi kamili. Yeye huyo huyo aliyekuwa akiwafokea watu kila wiki, "Msihesabu kwa ratiba, meli si basi!" Basi juzi ujumbe ukaingia ofisini. Bahari imechafuka huko meli inakotoka, hivyo inaruka bandari moja, inafika siku moja mapema.

Alimpigia kaka yake kumwambia ajiandae kuwahi. La kadi akalimeza. Muhuri ni wangu, alijisemea, na mkono ni wangu. Lakini usingizi ulimpaa.

Siku ya safari, kabla kaka hajafika, alikuja mshonaji mmoja mwenye kadi ya siku tisa. Alikuwa anakwenda kumwona binti yake aliyeolewa ng'ambo, meli inakopita, miaka sita hawajaonana. Bi Siku Kumi alimsomea msumeno wake kama kawaida. Mshonaji hakubisha. Alikwenda kuketi kwenye benchi mkabala na dirisha la pili, begi mapajani, akingoja mtu wa kumrudisha kwao.

Kaka akaingia na koti jipya, viatu vinang'aa. "Afande," alinong'ona, "nipitishe upesi, nina dirisha langu linaningoja."

Bi Siku Kumi aliinua muhuri. Akainua na macho. Mshonaji alikuwa anatazama, bila hasira, anatazama tu ule mkono.

"Kaka, leo ni siku ya tisa."

Kaka alicheka, akidhani ni utani. Halafu akaona uso wa dada yake, na kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Ulijua lini?"

"Juzi. Na mimi ndiye niliyekwambia ungoje. Nisamehe, kaka."

"Ungeniambia juzi," alisema polepole, "nisingevaa koti."

Bi Siku Kumi akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. Nyuma watu wakaanza kulalamika kwamba foleni haisogei. Kaka alikwenda benchini. Mshonaji akasogeza begi lake kumpa nafasi, wakakaa pamoja hadi meli ilipopiga honi ya mwisho.

Kesho yake asubuhi mlango wa Bi Siku Kumi ulibishwa hodi. Kaka, na koti lile lile. Aliingia, akavuta kiti, akaitandaza ile kadi ya njano mezani, akaipapasa mikunjo kama alivyozoea kunyoosha mashuka.

"Hebu nihesabie, mkaguzi," alisema. "Leo ninafaa?"

Hakuwa anakejeli, na hilo ndilo lililomuumiza. Bi Siku Kumi alihesabu, kidole kwa kidole, mpaka cha mwisho, machozi yakimtiririka.

"Unafaa, kaka."

"Haya," kaka alisema. Akaikunja kadi, akairudisha mfuko wa ndani wa koti, akaomba chai.