Waliotusafishia Jikoni

Kwetu hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, wala anayekaa sebuleni kama mgeni. Unabeba uji kwenye chupa ya chai, unaingia jikoni, unaosha vyombo, unapanga kabati la mwenyewe kama lako. Desturi hiyo imetufuata mpaka kwenye fleti yetu hapa Stratford, ughaibuni, na mimi nilikuwa naipenda sana. Siku hizi nikisikia tu bomba linafunguliwa, nakimbilia kuangalia kabati.

Ninaishi na mama mdogo. Ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Miguu inamkakamaa kama mbao, na ikianza kuuma anang'ata shuka. Daktari mmoja wa kliniki binafsi, ya bei ya kutufilisi, alimwandikia mafuta ya bangi, matone machache chini ya ulimi. Dawa halali, yenye jina lake kwenye chupa. Hospitali ya serikali wanasema inaruhusiwa, ila wao hawaiandiki. Hebu niambie, ni mlango gani huo unaoitwa wazi, na kila ukiusukuma unaambiwa jaribu ule mwingine?

Ndiyo maana alijiunga na wagonjwa wenzake kudai haki yao. Ijumaa ile walikuwa wamepata nafasi ya kumwona mbunge, na mama mdogo ndiye aliyechaguliwa kuzungumza. Alitaka aingie kwa miguu yake, na fimbo. Mimi nauza viatu na kuota mchana ndiyo kazi yangu ya pili, kwa hiyo nilishamchagulia vyekundu.

Alhamisi wakaja akina mama wa maombi wa kanisani kwetu. Niliporudi kazini nikakuta nyumba inang'aa, inanukia sabuni ya limau, na mama mdogo kitandani analia.

"Tumewasafishia, mwanangu," kiongozi wao akasema, anajifuta mikono kwa kanga. "Na ile bangi nimeimwaga. Dada yetu ataimbaje kwaya, shetani yumo kabatini?"

"Mama, ile ni dawa ya daktari!"

"Daktari naye si binadamu?"

Nikakimbilia jikoni. Chupa ilikuwa kwenye pipa, tupu, imesuuzwa. Imesuuzwa jamani! Kwenye kichujio cha sinki kulikuwa na punje za wali na vichwa vya dagaa, juu yake mafuta yanameta. Nikachukua kijiko nikaanza kukwangua, kweli kabisa, nikitia kwenye kikombe. Harufu iliponifikia nikatapika hapo hapo. Niliona kinyaa na sinki, na ile mikono safi, na mimi mwenyewe na kijiko changu.

Dawa nyingine isingefika mpaka wiki inayofuata. Asubuhi miguu ikagoma. Nikamwambia tuahirishe.

"Mpigie yule aliyemwaga," mama mdogo akasema. "Mwambie aje anisukume kwenye kiti cha magurudumu."

Akaja, na uji wake.

"Dada, mimi nilidhani nakusaidia..."

"Shika kiti, mwenzangu. Hayo ya kudhani utayasukuma njiani."

Ofisini kwa mbunge tulikaribishwa chai. Mama mdogo hata hajaionja, mguu ukakakamaa ghafla ukapiga meza, chai yote ikamwagika kwenye zulia. Msaidizi wa mbunge akapiga magoti na karatasi laini, analipapasa lile zulia taratibu, kama mtoto aliyeanguka. Mama mdogo hakuna aliyemgusa. Mbunge akatabasamu, akasema suala hili si gumu, sheria imesharuhusu.

Mama mdogo alikuwa amekaza meno. Nikadhani maneno hayatatoka.

"Sheria imeniruhusu," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Sasa hospitalini nani ataniandikia?"

Mbunge akasema atamuuliza waziri, akaangalia saa. Nyuma ya kiti mama wa maombi akaanza kulia kwa sauti, anaitazama ile miguu inavyotetemeka.

"Usilie hapa," mama mdogo akamwambia kwa Kiswahili. "Kalilie sinki."

Tukarudi. Kwenye lifti yule mama akafungua chupa, akanimiminia uji wa ulezi, wenye karanga, ninaoupenda kuliko chochote. Akaninyooshea kikombe. Nikautazama ule mkono, msafi, kucha fupi.

Nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu jana.