Chombo cha Maji Hakilali Nusu

Tulikuwa watano siku ile mbele ya boila, mtambo wa kupasha maji moto: mimi, mdogo wangu Yoeli anayesoma chuo kikuu hapa Guangzhou, China, Mama Chen mwenye nyumba, bibi mama mkwe wake aliyehamia huku kutoka kaskazini kwenye theluji, na fundi Liang, mzee mmoja mkimya mwenye tochi kichwani. Wa sita alikuwa mama yetu, ingawa tulimzika Singida nikiwa darasa la sita.

Enzi zetu maji yalikuwa na safari. Wenzangu mliokulia nchi kavu mnaijua. Kiangazi korongo lilipokauka, tulichimba mchanga kwa mikono mpaka mabegani, tukangoja maji yajikusanye, tukayachota taratibu kwa kata tusiyatibue. Juu ya ndoo tuliweka majani yasimwagike, kisha tukashindana nani atafika nyumbani shingo kavu. Mshindi alikomba sufuria ya mlenda. Watoto wa leo wanadhani maji huzaliwa ukutani. Yakikatika saa moja, wanalipiga picha bomba na kulituma kwa marafiki kama msiba.

Mama hakuwa mkali, ila kwa jambo hili. Kila jua lilipoanza kushuka aliugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, juu mpaka chini, kichwa kaegemeza. Ukilia wazi huko juu, mmoja wetu alirudi korongoni.

"Chombo cha maji hakilali nusu," alisema. "Hujui nani ataamka na kiu."

Baba alitangulia, Mama akafuata. Siku tuliyomzika hakuna aliyekumbuka maji. Kesho yake alfajiri niliufuata mtungi nikijua ni mkavu, nikaukuta umejaa mpaka shingoni, kata imelazwa kifudifudi juu yake. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikana. Wiki ile niliacha shule, nikamfunga Yoeli mgongoni, nikashika njia ya korongo. Nilimkuza kwa maji yale na kwa neno lile la Mama.

Januari hii nilikuja kununua nguo kwenye soko la Guangyuan Xilu, nikafikia kwa Yoeli, katika chumba alichopanga kwa Mama Chen. Huku kusini wengi hawapashi nyumba joto, lakini baridi yake ina unyevu unaoingia mpaka kwenye mifupa, na bibi alishazoea nyumba za kwao zenye joto. Mwanawe akamfungia boila barazani, na mabamba ya chuma kila chumba yakipitisha maji ya moto. Sasa kwa wiki mbili presha ya maji ilikuwa inapanda. Mshale wa geji, kile kipimo cha presha, ulikuwa umeingia kwenye nyekundu, na bomba la usalama linadondosha maji kwenye ndoo. Mama Chen alikuwa ameshasema lake: kama boila ni bovu, atalitengeneza, kama ni mkono wa mpangaji, mpangaji atahama. Yoeli alibakiwa na mwezi mmoja kutetea tasnifu yake.

Fundi Liang alifungulia maji mpaka mshale ukashuka kwenye moja na nusu. Halafu akaligonga tungi jekundu la chuma lililo pembeni ya boila, kwa kifundo cha kidole, juu mpaka chini, kichwa kaegemeza.

Mwili ulinisisimka. Juu lililia wazi, chini likalia zito. Kwa Mama lingekuwa kosa. Kwa fundi ilikuwa dalili ya uzima, hewa upande mmoja na maji upande wa pili. Akawasha moto. Mshale ukapanda kidogo, ukatulia. Akazima, akakaza bomba la kujazia maji, akangoja boila lipoe huku akinywa chai, kikombe baada ya kikombe. Mshale ukarudi palepale kwenye moja na nusu, ukakaa. Tungi zima, bomba la kujazia halipitishi. Ikabaki sababu moja.

Akauliza swali. Yoeli ndiye aliyekuwa akinitafsiria yote, lakini hili lilimkwama.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza nani anaongeza maji, Dada." Alikuwa anatazama ndala zake. "Ni mimi. Kila asubuhi. Niliona yanadondoka kwenye ndoo, nikajua yanapungua. Ningekiachaje chombo nusu?"

"Waambie," nikasema. "Kosa, na sababu yake."

Akawaambia yote, korongo, mtungi na Mama. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Akaeleza kwamba maji yakipata moto huvimba, na chombo hiki lazima kiachiwe nafasi. Kadiri kijana alivyokishindilia ndivyo kilivyotapika. Mama Chen hakucheka. Bibi alimshika Yoeli mkono, akasema kwao mwaka mpya haukuingia mpaka gudulia kubwa la maji lijazwe. Kisha akamgeukia mkwe wake kwa maneno mafupi.

"Nabaki," Yoeli akaninong'oneza. "Ila nisiguse bomba."

Bado nastaajabu. Mama hakuwahi kufika hata Dodoma. Neno lake limevuka bahari, likakaa mkononi mwa mtoto asiyeukumbuka uso wake, likasukuma mshale katika mji ambao yeye hakujua kama upo.

Siku hizi maji yakizidi, chombo kinatapika; enzi zetu hakuna aliyewahi kuzidishiwa. Siku hizi mtu akikusaidia anakutumia na picha akikusaidia. Enzi zetu mtu alibeba ndoo, akajaza mtungi wa yatima, akaufunika kwa kata, akanyamaza mpaka leo. Kila nirudipo kijijini nawachotea maji wale kina mama waliobaki, mmoja mmoja, bila kusema kwa nini, nikitazama nani atatabasamu. Wanashukuru tu. Sijui kama yumo kati yao, na mtungi ule bado nadaiwa.