Vakansi ya Chisenga

Juzi nilimukuta binti yangu na wenzake wanapanga vakansi, safari ya likizo, kwa Kingereza, kazi ya darasa, wanacheka. Nje chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa, vilikuwa vinakauka kwa jua. Harufu yake ikanirudisha kwa muchana mumoja wa utoto wangu, hapa hapa Nchelenge.

Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Kongo kwa kukimbia vita, na masikio yangu yalikuwa bado mageni kwa Kibemba na kwa Kingereza. Mwalimu alitugawa kwa vikundi, akauliza: mutaenda wapi, na nani, mutabeba nini? Kikundi changu kikachagua kisiwa cha Chisenga, kwa mutumbwi. Sikujua kama ni mazoezi ya kusema tu. Nilifikiri tunaenda kweli.

Nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa anasonga bukari, ule ugali wetu.

"Mama, mwalimu anauliza tutaenda wapi, na nani, na tutabeba nini."

Mwiko ukasimama. "Anauliza watoto wote, ao sisi wa Kongo tu?"

"Sijui. Mimi nilisema Chisenga."

"Na kurudi? Aliuliza mutarudi lini?"

"Hapana, Mama."

Mama akatoa bukari kwa sufuria. Akaosha sufuria ingali ya moto, akaifunga kwa kitenge pamoja na blanketi.

Leo najua kama maswali yale aliisha kuulizwa zamani, kule Kongo, na wenye kumuuliza hawakuwa walimu, walikuwa na bunduki. Siku ile nilimuletea viatu vyangu, nikamuambia afanye mbio.